Kiti cha Dirishani, Upande wa Kulia

Jumatatu asubuhi nilipata ujumbe kutoka Kilosa: mwalimu mstaafu niliyemfahamu tangu nilipohamia Mikumi amefariki, na mazishi ni Kisanga. Msibani walimsifu kwa upole wake. Alikuwa mpole, ni kweli. Mimi namkumbuka zaidi kwa siku alipomwinua bibi kizee kwenye kiti cha ndege.

Alifundisha jiografia. Kila mwaka aliichora wilaya yetu ya Kilosa ubaoni, toka Magole hadi milima ya Vidunda, bila kuwahi kuiona kutoka juu. Alipostaafu, presha ya macho ilikuwa imekwisha kulizima jicho la kushoto, na daktari alimwonya kwamba hata la kulia halitadumu. Binti yake anayeishi Mbeya akamkatia tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam. Kurudi angepanda basi. Nami nilikuwa na safari ya huko, tukaongozana. Alijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Alitaka ndege ya asubuhi, kabla mawingu hayajakaa milimani, na kiti cha nyuma ya bawa, lisije likamzuia kuona. Upande uwe wa kulia, maana ukielekea Mbeya, Mikumi inabaki kulia, na jicho lililobaki ni la kulia.

Jambo moja hakulipangia. Tulipoingia tulimkuta bibi ameketi pale dirishani, mkoba mapajani. Mwalimu akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu kwetu mtu uliyekwisha kumwamkia humwambii tena akupishe. Nilimnong'oneza mwalimu aache. Hakuacha.

"Mama, hicho kiti ni changu. Nimebaki na jicho moja, nataka nione nyumbani kabla halijafunga."

Bibi akamtazama. "Mzee mzima na mvi zako, unagombea dirisha?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka, akasogea. "Haya. Lakini ukiona ng'ombe wa wanangu huko Mkata, uniambie kama wamenona."

Basi mwalimu akamsimulia bibi njia nzima: tambarare ya Mkata, barabara kuu inayopita katikati ya hifadhi, mito iliyokauka. Tulipofika juu ya Vidunda akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Baadaye alisema kwamba miaka yote aliichora milima ile kama ukuta mmoja, kumbe ni migongo mingi, na katikati yake mna mashamba na mapaa ya bati. Aliporudi kutoka Mbeya alipitia shuleni kabla ya kufika kwake, akaomba chaki, akaichora upya mbele ya wanafunzi. Mwaka uliofuata jicho lilifunga.

Wengi wetu tumelelewa kudhani kwamba adabu ni kumeza haja zetu. Kwenye foleni ya hospitali, au kwenye mkutano wa kijiji unaogawa mashamba na malisho, tunaamkia, tunanyamaza, kisha tunanung'unika njiani. Mwalimu alidai kiti chake, na shikamoo yake haikupungua uzito. Katika mkutano ujao nitawaamkia wote wanaostahili, kisha nitasimama niseme nilichokwenda kusema.