Peke Yake Juu ya Bahari

Kwa wiki kadhaa wanaume wa gereji moja pale Lodwar walimshangilia mwanamke bila kujua ni mwanamke. Mimi niliyewaletea habari zake nilijua, nikanyamaza. Msiniulize kama nilijisikia vibaya. Nilijisikia vizuri sana.

Nilikuwa dereva wa pikapu. Asubuhi nilipakia kabichi, nyanya na vitunguu vilivyoshushwa na malori ya Kitale, siku nyingine samaki wakavu wa Kerio, nikavipeleka Kakuma kwa akina mama wanaouza kwenye kambi ya wakimbizi. Pikapu haikuwa yangu. Ilikuwa ya bosi, mfanyabiashara aliyetoka Kenya kama mimi. Lodwar ni Kenya pia, sikatai, lakini wenyeji wakisema fulani ameenda Kenya, ujue amepita Kitale. Mimi nilikuja na mume wangu, mtumishi wa serikali, na alipohamishwa tena yeye alikwenda, mimi nikabaki. Watu wakasema nimeachwa. Ala! Mtu aliyekataa kupanda basi ameachwa na nani? Nililipenda lile joto, niliipenda ile barabara, nilipenda usukani. Sitasema niliendesha kwa ajili ya watoto, ingawa watoto walikula kwa kazi hiyo. Niliendesha kwa sababu napenda kuendesha.

Rubani nilimkuta kwenye simu, siku moja nikingoja mzigo ufungwe kamba nje ya ile gereji. Alikuwa ameondoka kwao kwa ndege ndogo ya injini moja, anataka kuizunguka dunia nzima na kurudi alikoanzia, bila mwenzake wa kumpokea usukani. Mtandaoni kulikuwa na ramani, na juu ya ramani alama ya njano inayosogea polepole mpaka unadhani imekwama. Picha yake ilionyesha msichana mwembamba, kofia imemzidi, amekunja uso kwa jua huku anacheka. Ndege kubwa kuliko hiyo zinatua uwanja wa Lodwar kila siku na hakuna anayeinua kichwa. Hii ya kwenye simu haikunitoka akilini.

Wa kwanza kuchungulia alikuwa fundi wa gereji, Mturkana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Unaangalia nini hapo?"

"Rubani. Anazunguka dunia peke yake. Sasa yuko upande wa barafu, juu ya bahari."

"Peke yake? Hakuna mtu kando?"

"Hakuna."

"Weee! Huyo ni mwanaume!"

Kazi ya kumficha ilifanywa na Kiswahili, si mimi. Nilisema rubani. Nilisema yeye, amelala, ameamka, anangoja mawingu yaondoke. Katika maneno hayo yote hakuna hata moja linalokuambia kama mtu ana ndevu au ana matiti. Ningekuwa nasema Kiingereza cha ofisini, kingenilazimisha kuchagua tangu mwanzo. Lakini wao walichagua wenyewe, na walichagua haraka. Kesho yake alikuwa "jamaa". Baada ya siku chache alikuwa "mwanaume wetu". Nilifungua mdomo kuwasahihisha, nikaufunga. Nikawa nawaonyesha ramani tu, si picha, nikajisemea, acha wampende kwanza.

Hata bosi akaingia. Alikuwa anakuja na kikombe chake cha chai mkononi, anaegemea boneti, anauliza, "Mwanaume wetu amefika wapi leo?" Nikimwonyesha alama ya njano imening'inia katikati ya maji, anatikisa kichwa kwa heshima. "Peke yake jamani. Watu wa namna hiyo wameisha."

Basi hapo katikati nikapata pancha. Ilikuwa mbele ya lagga moja, mto usio na maji, miti ya mathenge pande zote mbili na mbuzi wakinishangaa. Nikaweka jeki, nikafungua nati, nikabadilisha gurudumu, nikanywa maji yangu, nikaendelea na safari. Hiyo wala si habari. Dereva wa lori aliyekuwa anatoka Lokichoggio alipunguza mwendo, nikampungia mkono apite, akapita. Alipofika Lodwar akamwambia bosi, "Nimemkuta yule mama wako barabarani, peke yake."

Siku iliyofuata bosi aliniita pembeni, funguo za pikapu ziko mkononi mwake.

"Mama, hii mambo ya kuwa peke yako barabarani imenisumbua. Kuanzia leo utaenda na shemeji."

"Bosi, mzigo haukufika?"

"Ulifika."

"Gari lina mkwaruzo?"

"Halina."

"Sasa shida iko wapi?"

"Wewe ni mwanamke, mama. Uko peke yako."

Alisema kwa upole, sauti ya mtu aliyekuja matanga. Na palepale, haki ya Mungu, kabla hajanikabidhi funguo, akamgeukia fundi: "Na mwanaume wetu, ameshavuka ile bahari?"

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikataka kumrushia spana. Neno ni lilelile! Akipewa rubani, ni sifa. Nikipewa mimi, napewa pole. Peke yake yule maana yake hahitaji mtu. Peke yangu mimi maana yake sina mtu. Nani aliwagawia maana hizo?

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa bosi, mtu mkubwa, mkimya, asiye na ubaya wowote. Alikula njugu zangu na akashika mkono wa mlango kutoka Lodwar mpaka Kakuma. Ningemvumilia. Lakini baada ya siku chache bosi akaniambia nimfundishe gia, kidogo kidogo, na akaanza kutaja kazi nyepesi ya dukani, kivulini, ya kukaa. Mimi si mjinga. Nikaelewa kwamba shemeji akishajua kurudisha gari nyuma, funguo hazitanirudia tena.

Kakuma, mteja wangu mkubwa alikuwa mama wa Sudan Kusini mwenye meza yake ya mboga ndani ya kambi. Tulizoea kuitana dada. Siku hiyo shemeji alikwenda kutafuta soda, nami nikawa namsimulia huyo dada habari za rubani huku tunashusha kabichi. Akanikatiza.

"Huyo ni mwanamke ama mwanaume?"

Katika wiki zote zile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

"Mwanamke."

"Na hao wanaume yako wanajua?"

"Hawajui. Nawaacha wampende kwanza."

Akaweka kabichi chini. "Dada, mimi nilitoka kwetu na watoto, tulitembea mpaka tukavuka huku Lokichoggio. Hakuna mtu alisema ni shujaa. Walisema, maskini, iko peke yake. Sasa huyu amepata watu wa kumsifu, wewe unaficha. Ati unawaacha wampende. Wewe unaogopa."

"Siogopi mtu mimi!"

"Unaogopa wataacha kumpenda."

Nilinuna njia nzima ya kurudi. Shemeji aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ashike mlango wake.

Kisha ikaja asubuhi ambayo alama ya njano ilisimama. Jana yake ilikuwa juu ya bahari ile kubwa kuliko zote, mahali ambapo ramani haina hata nukta ya kisiwa, na asubuhi ilikuwa palepale. Nikatazama tena. Palepale. Fundi aliacha injini aliyokuwa anaifungua, akaja na mikono yake ya grisi. Shemeji akaja. Bosi akaja, chai ikapoa mkononi. Nilimpenda sana bosi saa ile, nakiri, maana alivua kofia yake na kusema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mungu amsaidie. Yuko peke yake huko." Na hakuwa anatania. Aliomba kwa moyo.

Mzigo ukakaa kwenye gari, nyanya zikapigwa na jua, hakuna aliyejali.

Alama ikaruka ghafla. Mtambo wa kutuma habari ulikuwa umezima njiani tu, rubani mwenyewe alikuwa ameshatua kisiwani, na chini ya ramani kulikuwa na video. Nikaibonyeza bila kufikiri. Akaonekana yule msichana amekaa kwenye bawa la ndege, midomo imekauka, anaongea huku anajifuta machozi na kucheka.

"Huyu ni nani?" akauliza fundi. "Bibi yake?"

"Ni rubani."

"Rubani gani?"

"Huyu mnayemwombea tangu asubuhi."

Fundi alitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama tena simu. Bosi akarudisha kofia kichwani.

"Ni msichana?" akasema. "Sasa wazazi wake wako wapi? Nani alimruhusu?"

Hapo nikapasuka. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya siku hiyo, ya kistaarabu, na sikukumbuka hata moja.

"Jana hukuuliza nani alimruhusu! Jana ulisema watu wa namna hiyo wameisha! Hajabadilika kitu, bosi. Ndege ni ileile, bahari ni ileile, upweke ni uleule. Kilichobadilika ni wewe umeona uso wake. Na mimi je? Barabara ya lami, maji yangu kwenye chupa, jeki nyuma ya kiti, miaka yote hii mzigo haujawahi kulala njiani, halafu pancha moja unaniwekea mlinzi! Nipe funguo niende kama nilivyokuwa naenda, ama mpe shemeji aende mwenyewe, leo, sasa hivi, nyanya zinaoza!"

Watu wa maduka ya jirani walikuwa wameshatoka nje. Bosi ni mtu wa fahari, na mtu wa fahari hasukumwi mbele ya watu. Akachukua funguo mfukoni, akanipita, akazitia mkononi mwa shemeji. "Haya. Enda," akamwambia.

Nikajua nimeharibu, nimejifukuza kazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini sikuangalia chini. Nilimkazia bosi macho mpaka mwisho.

Shemeji alizitazama zile funguo. Akaitazama barabara ya Kakuma.

"Peke yangu?" akauliza.

"Peke yako," akasema bosi. "Si umefundishwa?"

Yule mtu mkubwa akaanza kutokwa na jasho. "Mimi siwezi," akasema polepole. "Mimi naogopa ile barabara. Tangu siku ya kwanza naogopa. Huyu mama ndiye alikuwa ananipeleka." Akaja mpaka niliposimama, akanipa funguo kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu unayemheshimu. Hakuna aliyemcheka. Mimi ndiye ningemcheka, na sikuweza, maana kusema vile mbele ya wanaume wote wale kulihitaji roho ngumu kuliko yangu.

Nikapanda, nikawasha, nikaondoka. Bosi alikuwa bado amesimama na kikombe chake, hajasema ndiyo wala hapana.

Niliendesha nikiwa na hasira mpaka mji ulipoisha, halafu hasira ikaniishia nikaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Kule Kakuma, yule dada yangu wa mboga aliponiona nashuka peke yangu, aliangalia kiti cha pili.

"Na yule mwanaume ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Amesema anaogopa."

"Amesema kwa mdomo yake?"

"Mbele ya watu."

Akapiga makofi na kuinama kwa kicheko hadi wateja wake wakauliza kuna nini. Tulikuwa tunatoa nyanya zilizopondeka simu ilipolia. Ni bosi. Niliiacha ilie kidogo, nikapangusa mikono, nikapokea.

"Umefika?"

"Nimefika."

Akakohoa. Nilisikia gereji nyuma yake, nyundo, sauti ya fundi akimweleza mtu mwingine kwa kelele kwamba yule rubani ni msichana, msichana kabisa, na yeye alijua tangu zamani.

"Sasa," akasema bosi, "kesho, hicho kiti cha kando kisikae bure. Weka kreti ya nyanya."