Aliyerudi Alikuwa Lohay

Hebu niambie bila kunizunguka: umewahi kumpigia makofi mtu ambaye usingethubutu kunywa maji kwenye kikombe chake?

Mimi nimepiga. Mwaka jana, mwezi wa saba, Siku ya Mashujaa, kwenye uwanja wa shule ya msingi niliyosoma, juu kidogo ya Karatu mjini, pale magari ya watalii yanapoanza kunguruma kupanda kwenda geti la Ngorongoro. Wazee watatu waliopigana vita vya Uganda walikuwa wameketishwa mbele, kila mmoja kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa utepe. Mshereheshaji alisema "mashujaa wetu" mara nyingi hivi kwamba neno lilichoka. Mzee wa katikati alikuwa baba yangu mkubwa, Koplo Lohay. Tulimpigia makofi sote, na mimi nikiwamo. Niliitazama ile mikono inavyogongana nikajisemea moyoni: hapa hakuna hata mkono mmoja uliowahi kupokea kitu kutoka kwake.

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilimfahamu Baba Mkubwa kwa umbali. Hatua ishirini hivi. Kibanda chake kilikuwa chini kabisa ya shamba letu la ngano, karibu na korongo, na kati yake na sisi kulikuwa na mfereji mdogo ambao hakuna aliyeuvuka.

Sisi Wairaqw tuna kitu tunakiita meeta. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, mtu aliyeguswa na kifo kibaya, aliyemwaga damu, huwekwa kando. Hapiti njia ya watu, hachoti maji wanapochota wenzake, moto wake hauombwi, chombo chake hakishikwi. Wazee walisema si adhabu, ni kusubiri kile kitu kipoe. Kisha wanakaa, wanaona imetosha, na nyumbani kwa yule mtu inapikwa pombe ya mtama. Ananyolewa, mama yake anampa funda la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ametoka. Amerudi kuwa mtu. Huwa ni miezi, ikizidi sana mwaka. Wakati ule Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kukaa ndani ya meeta miaka kumi na minne.

Alikwenda vitani na mdogo wake, Tluway, kitinda mimba wa Bibi. Akarudi peke yake.

Tulipomuuliza Bibi kwa nini hatolewi, alijibu bila kuinua macho: "Wazee wamekataa. Wanasema damu bado mbichi." Halafu aliongeza lile ambalo ndilo lililotufanya tusivuke mfereji: "Atakayeweka mdomo wake kwenye chombo cha Lohay ataleta jeneza humu ndani. Mmenisikia?"

Tulimsikia. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Hata mwinjilisti wetu, aliyehubiri dhidi ya mila kila Jumapili mpaka mishipa ikamsimama shingoni, alipokwenda kumwombea Baba Mkubwa alisimama upande wetu wa mfereji. Aliomba kwa sauti kubwa, ili ifike.

Nikikumbuka leo nashangaa jinsi yule mtu alivyokuwa mchangamfu. Alijichimbia njia yake mwenyewe kupitia korongoni, ikawa njia nzuri kuliko ya kijiji, yenye ngazi za mawe. Kila Jumapili alipiga pasi ya mkaa gwanda lake la zamani, akalivaa, akakaa nalo mlangoni, maana pa kwenda hapakuwepo. Akituona tunashuka na ndama alisimama wima.

"Kikosi!" alipaza sauti kutoka kule chini. "Mguu... sawa!"

Tulisimama wima, fimbo begani.

"Wewe mwenye kamasi, nani alikupa cheo? Futa kwanza!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hakuna mtu mzima mwingine aliyecheza na sisi. Alitufundisha kwata kwa hatua ishirini, na nathubutu kusema hakuna watoto wa wilaya ile waliogeuka nyuma vizuri kama sisi.

Siku ile nilikuwa peke yangu. Ilikuwa mchana wa kiangazi, ndama wamenisumbua tangu asubuhi, na ulimi umenikauka. Baba Mkubwa alikuwa na uji wa mtama kwenye bakuli lake la bati la jeshini. Niliuona mvuke wake. Nilivuka mfereji.

"Rudi," alisema. Hakuwa anatania.

"Nina kiu, Baba Mkubwa."

"Kiu haiui haraka kama bibi yako. Rudi, mwanangu. Ukishika hili bakuli utanitafutia makubwa."

Nilirudi hatua mbili tatu nikajifanya nakwenda. Mbuzi wake alikuwa amenaswa na kamba upande wa nyuma, analia, naye akaweka bakuli chini akazunguka nyumba kwenda kumfungua. Nilirudi mbio. Nilikunywa mafunda manne makubwa, matamu, yameungua kidogo kwa chini. Alipotokea kwenye kona bado bakuli lilikuwa mdomoni mwangu. Tulitazamana. Macho yake, nakumbuka, yalilowa, na kwa miaka mingi nilidhani ni moshi. Nilikuwa mtu wa kwanza kula chakula chake tangu arudi, na nilikuwa nimekiiba.

Siku ya sita mdogo wangu akafa. Alikuwa na miezi mitano, jina lake Paulina. Ilianza kwa kikohozi, ikaja homa, kikaja kile kifua kinachopanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Baba alimbeba Mama na mtoto kwenye baiskeli kwenda hospitali, na walirudi kabla hawajafika.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Watu walipoanza kutawanyika Bibi alisimama pale kwenye udongo mbichi akauliza, taratibu kabisa: "Nani alishuka kule chini?"

Watoto wenzangu walinitazama. Hawakuwa na nia mbaya, ni kwamba tu macho ya watoto hayajui kudanganya. Bibi alinishika mkono. Mama yangu alinitazama pia, na mtazamo ule sitauelezea hapa wala popote.

"Ulikula kwake?"

Nilifungua mdomo. Ndipo sauti ikaja kutoka kwenye mfereji. Alikuwa amekuja mpaka kwenye mpaka wake, amevaa lile gwanda lililopigwa pasi, amwomboleze mtoto wa ndugu yake kwa umbali aliopangiwa.

"Nilimwita mimi," alisema Baba Mkubwa. "Mtoto hakutaka. Nilimshika nikamnywesha."

Sikusema kitu. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu nimewahi kulisimulia vingine, kwa marafiki wa chuoni, kwenye hadithi ambayo mimi nilikuwa nimezimia, au nina homa, au nilipiga kelele nikanyamazishwa. Sikuzimia. Nilikuwa mzima, nina miaka minane na akili timamu, na niliona mlango umefunguliwa nikapita. Wanaume wakaokota mawe. Baba yangu, mdogo wake wa damu, aliokota la kwanza. Hakulirusha, lakini aliliokota.

Wiki haikuisha Baba Mkubwa akaondoka. Alipanda basi la Wasso, lile linalokatiza hifadhi na kufika jioni likiwa na rangi moja na barabara. Kule alilinda maduka. Tulisikia kwamba Wamasai wa kule walimkaribisha chai, wakampa na kikombe, wakakaa naye. Kijijini watu walitikisa vichwa kuwahurumia. Hakuna jeneza lililosikika kutoka Wasso, zaidi ya yale ya kawaida.

Mimi nilisoma. Nilisoma mpaka chuo kikuu, na nilitoka huko nikiwa najua jina la kile kilichomuua Paulina, nimonia, na dawa yake, na kwamba uji wa mtama haujawahi kuhusika. Ningeweza kuwaelimisha wenzangu wa Karatu juu ya hilo kwa saa nzima. Nilichoshindwa ni sentensi moja: hakuniita, niliiba. Elimu haikunisaidia kuisema. Pengine ilinisaidia kutoisema, maana ukishajua kwamba imani ni upuuzi unajiambia kosa lako nalo ni upuuzi, jambo la zamani, acha lilale.

Macho yalipomwishia Baba Mkubwa, miaka miwili iliyopita, maduka hayakumhitaji tena. Akarudi kwenye kibanda chake. Kilikuwa kimeinama upande mmoja, akakisimamisha. Mfereji ulikuwa umefukiwa na trekta siku nyingi, lakini hakuna aliyeshuka.

Basi, turudi uwanjani. Hotuba ziliisha, mgeni rasmi akamvisha kila mzee shuka na kumpa cheti chenye fremu, tukapiga makofi yale niliyokwisha kuyataja, kisha pilau. Wote walipakuliwa kwenye sahani za udongo za kanisa, zenye maua ya bluu pembeni. Baba Mkubwa alipakuliwa kwenye sahani ya karatasi.

Nilimfuata binamu yangu Theresia kwenye masufuria. "Sahani zimekwisha?"

"Zipo."

"Sasa?"

Aliendelea kupakua. "Dada, usinianzie. Hizi sahani zitarudi kanisani, watu watakula. Unamjua Bibi. Unataka niseme nini akiniuliza?"

"Mnampa cheti, halafu mnamlisha kwenye kitu cha kutupa?"

"Cheti si ataondoka nacho?" alisema Theresia, na hakuwa anafanya mzaha.

Nilirudi nikakaa karibu na Baba Mkubwa. Sahani yake ilikuwa imelegea kwa mafuta, ameishikilia kwa viganja viwili. "Usigombane nao," alisema. "Nyepesi hii. Mtu wa cheo changu habebi vitu vizito." Akacheka. Alitafuta wali kwa vidole, kwa sababu haoni vizuri, na ukamwagikia kwenye shuka jipya, na alianza kuokota punje moja moja kabla mtu hajaona. Wakati huo mshereheshaji alikuwa kwenye kipaza sauti anatuomba tusimame tena tuwashukuru.

Nilimshika mkono, nikamwinua, nikamwongoza nyumbani kwa Bibi. Si kule chini. Kwenye nyumba kubwa, kwa njia ya watu.

Bibi alikuwa ukumbini anapukuchua maharage. Ana miaka themanini na kitu na masikio mazima. Alipomwona mwanawe anapita kwenye mlango wa mbele vidole vyake viliacha kufanya kazi.

"Saita, Ayo," alisema Baba Mkubwa. Ndivyo tunavyomsalimu mama. Alibaki amesimama kizingitini.

"Bibi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, niliichukia. "Mwaka ule Paulina alipokufa, Baba Mkubwa hakuniita. Alinifukuza. Niliiba uji wake alipokwenda kwa mbuzi. Alikudanganya ili usinipige, nami nikamwachia."

"Nilijua," alisema Bibi.

"Ulijua?"

"Lohay hawezi kumlazimisha mtoto. Hata ndama hakuwahi kumlazimisha." Alisukuma ungo pembeni. "Kaa."

Hakuwa ananiambia mimi. Baba Mkubwa alipapasa ukuta, akapata kigoda, akakaa na lile shuka lake lenye mafuta. Nilingoja Bibi aseme kwamba basi, yameisha, kwamba sasa atawaita wazee. Hakukuwa na wazee wa kuwaita. Wote waliokataa asitolewe walikuwa wamekwisha kuzikwa, nami nikalisema hilo, kwa hasira: kwamba wale wazee walikufa na roho zao ngumu, na wakatuachia hii aibu.

"Wasiseme hivyo watoto," alisema Bibi. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Wazee hawakukataa. Walikuja mwaka ule wa pili, wakasema imetosha, mtoeni kijana wa watu. Pombe niliipika mwenyewe, ikaiva vizuri. Asubuhi yake nikawaona wanaume wa ukoo wanapanda, na wewe umekaa kule chini na kichwa chako unangoja wembe, na mimi nikajikuta nageuka kumtafuta Tluway yuko wapi, mbona hakuja. Nikaimwaga. Nikaimwaga yote kwenye zizi. Nikawaambia nimeota damu, bado, wasubiri. Na kila waliporudi nikawaambia nimeota tena. Sikuota kitu, Lohay. Nilikuwa nimemwomba Mungu anirudishie mmoja, na hakuwa wewe."