Kiti Penye Mtandao

Wiki hii, nikisubiri basi sokoni Nyakahura, mama muuza ndizi aliiweka simu kwenye spika. Mwanawe hutengeneza programu za kompyuta; mwezi huu yuko Zanzibar, mwezi uliopita alikuwa Kigali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kazi?"

"Nzuri. Naifanyia popote, mradi pawe na mtandao."

Mama akaacha kupanga ndizi. "Nimezunguka shamba lote na simu. Nyuma ya jiko mtandao umejaa. Nimekuwekea meza na kiti."

"Na umeme, mama?"

"Fundi wa sola alikuja jana."

"Tutaona, mama."

Simu ikakatika. Mama akakifuta kioo cha simu kwa kanga, taratibu, ingawa kilikuwa safi.

Najivunia vijana wanaofanya kazi popote duniani. Ila hiyo dunia yao, naona inaishia kabla hujafika jikoni kwa mama.