Kidole Juu ya Tarehe

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nisikiapo honi ya treni ikikaribia Shinyanga, na nikiikumbuka hasira hunipanda kana kwamba ni jambo la leo asubuhi. Nilikuwa sina nia ya kuisimulia. Lakini Jumapili iliyopita, mwanangu, mtoto wa dada yangu, ulitoka machimboni Rwamgasa ukaja kuniomba niwe mshenga wako. Nilifurahi, nikakubali. Kisha ukatoa mfukoni kitambulisho chako cha chuo ukasema, "Mjomba, hiki muda wake uliisha mwaka jana, lakini kwenye treni bado nalipa nusu. Hawaangalii." Ukacheka.

Mimi sikucheka. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningekutukana, na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sasa nimetulia kidogo. Si sana.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza miaka miwili nyuma, na kazi yangu ilikuwa kuchekecha mchanga wa almasi pale Maganzo. Kitambulisho cha shule sikukirudisha. Kila safari nilikionyesha dirishani nimekishika hivi: kidole gumba juu ya tarehe. Mkata tiketi anaona picha, anaona mhuri, anakata nusu. Wala si kwamba nilikuwa na shida ya pesa. Siku hiyo ninayokuambia nilikuwa na viatu vipya miguuni. Ulikuwa ujanja tu, na mchovya asali hachovyi mara moja.

Tulikuwa tunakwenda Bukwimba kwa treni, kwao na msichana niliyempenda, Kabula. Ilikuwa siku ya kukubaliana ng'ombe wa mahari. Unajua mila yetu: kijana hajisemei, mshenga ndiye mdomo wake. Mshenga wangu alikuwa Baba Mkubwa Masanja, kaka wa marehemu baba, mzee wa maneno machache. Watu wa Bukwimba walimkubali kwa sababu moja tu, kwamba hakuna aliyewahi kumkamata katika uongo. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya wazee wa Kabula na kueleza mimi ni mtu wa namna gani. Ndoa yangu yote ilikuwa juu ya ulimi wake.

Hatukwenda mbali, mkaguzi wa tiketi akaingia behewani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Nikampa tiketi, nikainua kitambulisho kama kawaida yangu.

"Toa kidole," akasema.

"Kidole gani, mama?"

"Hicho kilicholala juu ya tarehe. Chenyewe kiko kidato cha ngapi?"

Behewa zima likaangua kicheko. Nikasema narudia mtihani, kitambulisho kipya bado kinatengenezwa shuleni. Yule mama akamgeukia Baba Mkubwa aliyeketi kando yangu.

"Shikamoo, mzee. Huyu kijana ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu."

"Anasoma?"

Nilimkazia macho Baba Mkubwa. Neno moja tu nililitaka. Yeye akatazama viatu vyangu vipya, akatazama nje dirishani, kisha akasema, "Hasomi. Anachekecha Maganzo."

Mkaguzi akaniambia nilipe nauli kamili na faini, basi, hana ugomvi na mimi. Mwanangu, pesa ilikuwa mfukoni. Ningelipa tungefika. Lakini niliona nikilipa nimekubali mbele ya watu kwamba mimi ni mwongo, kana kwamba palikuwa na mtu behewani ambaye bado hajajua. Nikamwambia silipi. Nikamtukana, mama wa watu wa umri wa mama yangu, maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Kituo kilichofuata nikateremshwa.

"Mzee, tiketi yako ni nzima," mkaguzi alimwambia Baba Mkubwa. "Wewe kaa."

"Nimetoka naye nyumbani," akajibu, akichukua fimbo yake na kitenge tulichomchukulia mama yake Kabula. "Nitashuka naye."

Treni ikaondoka, tukabaki na jua. Nikamwambia kwa ukali, "Baba Mkubwa, umeniaibisha. Ungepungukiwa nini kusema nasoma?"

"Ng'wana wane," akaniita kwa Kisukuma, mwanangu. "Nilikuwa nakwenda kuwaambia watu kwamba wewe ni mkweli. Kama ningedanganya kwenye treni, kule ningefika na mdomo upi? Ninao huu mmoja."

Haukupita muda, lori la pamba likasimama. Dereva, Msukuma mwenzetu, akatuita, "Ngosha, pandeni, napitia Bukwimba." Nikakimbilia mlango. Mzee hakusogea.

"Panda wewe ukitaka," akasema. "Mimi sina tena la kusema kule."

Na mimi bila mshenga ningekwenda kusema nini? Lori likaenda. Tukarudi kwa miguu kandokando ya reli, yeye mbele, mimi nyuma, viatu vipya vikinichuna visigino.

Bukwimba walikuwa wamechinja mbuzi. Walisubiri mpaka jioni. Baba yake Kabula alipotuma mtu kuuliza, Baba Mkubwa alimweleza yote, hakuficha kitu. Jibu likarudi: "Kijana ambaye mshenga wake ameshuka njiani, sisi hatuwezi kumbeba." Kabula aliolewa kwingine baada ya mavuno.

Nilimkasirikia mkaguzi. Nikamkasirikia mzee zaidi. Nilihama Maganzo bila kuaga, nikazunguka Geita yote, shimo hili na lile, kila mahali nikijisifu kwamba sifungwi kamba na mtu. Shikamoo ya Baba Mkubwa niliizuia kwa kinyongo miaka mingi. Niliporudi kuitoa, nilimkuta ameshazikwa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hajaacha kulia mpaka leo. Hasira yangu sasa ninajua ni juu ya nani: ni juu yangu mwenyewe.

Ndiyo maana kicheko chako kiliniuma. Unasema hawaangalii. Mwanangu, siku watakayoangalia hutaichagua wewe. Itakuwa siku unayokwenda kwenye jambo la maisha yako, na aliyeketi kando yako ndiye atakayeulizwa. Uongo mdogo hukaa kimya mfukoni mpaka siku ya jambo kubwa. Na ukikamatwa, usiongeze matusi juu ya kosa. Lipa, omba radhi, safiri.

Kitambulisho hicho kitupe chooni. Mwezi ujao nitakwenda nawe ukweni kama nilivyoahidi. Tutakata tiketi mbili nzima, nami nitashika zote. Lakini ukiinua mkono mbele ya mkaguzi nikaona kidole kimelala juu ya tarehe, nitajibu alivyojibu Baba Mkubwa. Nitashuka nawe, maana tumetoka wote nyumbani. Na lori likija, sitapanda.

Mungu akujalie mkono usio na cha kufunika, na mke atakayekungoja ukafika.