Nyundo Aliyoiacha Wifi

Wifi yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaani wanamwita Mama Cheche. Ana mdomo huyo! Mteja akimuuliza, "Fundi mwanamke, utaliweza geti hili kweli?" humjibu, "Baba, geti halijauliza, unauliza wewe?" Lakini kupiga mtu, hapana. Aliyekuwa anapiga ni kaka yangu, mtalaka wake, tumbo moja na mimi, na sioni haya kulisema.

Walipoachana, mahakama ilimpa kaka binti yao wa pekee. Wakati ule sikupinga. Wifi alikuwa ameanguka kutoka juu ya jengo, kalala hospitali nyonga imevunjika, hata kugeuka mpaka ageuzwe. Kaka alikuwa na kazi ya udereva na nyumba nzuri. Hakimu aliamua kwa aliyoyaona.

Basi mambo yakageuka. Wifi akapona, anachechemea tu, akafungua karakana yake yenye chumba kisafi kwa nyuma. Kaka akafukuzwa kazi kwa ulevi, na hasira zote akazimalizia kwa mtoto. Siku moja namwogesha yule binti, nikakuta mgongo mzima una alama za mkanda, nyingine mbichi. Nikamfuata kaka.

"Ni mwanangu, namfunza adabu," akaniambia.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Thubutu! Waliosema hivyo hawakumjua kaka yangu.

Wifi akapeleka ombi mahakamani amri ibadilishwe, mtoto arudi kwake. Wakili akamwonya: "Mama, huyu bwana atakuchokoza. Ukimgusa hata kwa kidole atakwenda kusema mkali ni wewe, na mtoto utamkosa."

Jumamosi ilikuwa siku ya mtoto kushinda kwa mama yake, nami nilikuwa nimekwenda kuwatembelea. Mchana kweupe kaka akaingia karakana, macho mekundu, pombe inamnuka.

"Wewe binti, twende!"

"Amri inasema mpaka jioni," wifi akamjibu.

Akamzaba kofi, wifi akayumba mpaka akaishika meza. Mkono wa pili ulikuwa na nyundo. Niliiona mishipa yake ilivyotutumka, na mkono ule ni wa kukunja nondo! Akaiweka nyundo mezani taratibu, akaifunga mikono nyuma ya mgongo. Kaka akamtwanga ngumi ya mdomo, damu ikamchuruzika kifuani. Hakurudisha. Nililia kwa hasira.

Sasa, yeyote aliyewahi kukaa na mafundi anajua: karakanani hushiki chuma bila kuuliza, maana kilichotoka kwenye moto punde na cha jana vinafanana. Kaka ameishi na fundi ndani ya nyumba, na hata hilo hakujifunza. Akakwapua kipande cha nondo kilichokuwa chini ili amvunje nacho kichwa. Kiganja kikalia chwaa! Akapiga ukelele, akakitupa, na mtoto naye akapiga yowe kwa woga.

"Unanicheka?" Akamdaka mtoto nywele, akamgonga kichwa ukutani. Akamvuta, akamgonga tena.

Hapo wifi akaifungua mikono, jicho kwenye nyundo.

"Wifi, usithubutu!" Nikamwahi, nikaichukua mimi. Nikampiga kaka yangu ya bega, na alipogeuka nikampiga ya kichwa. Akaenda chini kama gunia. Wifi asingenishika, ningemmalizia.

Mahakamani kaka akaja na bandeji mbili, ya kiganja na ya kichwa, sauti imekuwa ya upole utadhani si yeye.

"Mheshimiwa, mwanamke huyu amenichoma, kisha akanipasua."

Nikasimama hata kabla sijaitwa. "Mheshimiwa, kiganja kajichoma mwenyewe akitafuta cha kumpigia mwenzake. Kichwa nimempasua mimi, dada yake. Wifi hakuinua mkono."

Hakimu akaagiza bandeji ya mkono ifunguliwe. Alama ya nondo ilikuwa imelala katikati ya kiganja na kwenye vidole vyote, ya mtu aliyefumbata. Kaka akainama.

Amri ikabadilishwa. Mtoto akarudishwa kwa mama yake, na baba atamwona mbele ya afisa wa ustawi wa jamii tu. Mimi nina kesi yangu ya kujeruhi inanisubiri, na sijuti, waje tu.

Tulipotoka nje, mtoto alikuwa kaing'ang'ania sketi ya mama yake. Utepe wa nywele ulikuwa umemlegea.

"Njoo shangazi akufunge, mama," nikamwambia, nikainua mkono.

Akajikunyata, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ni shangazi tu, mwanangu," wifi akamwambia. "Shangazi yako huyu."

Mtoto hakuishusha mikono. Basi nikairudisha mikono yangu nyuma ya mgongo, kama alivyofanya wifi siku ile, nikasimama hivyo hivyo, nalia, mpaka mtoto akafunua uso.