Kinyasa cha Mama

Mama alianguka shambani asubuhi, akipanda maharage kwenye kingo za ngoro, yale mashimo ya kilimo cha kwetu milimani, na walipomwinua upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Hospitali ya misheni walikaa naye majuma kadhaa, kisha wakamwambia baba amrudishe nyumbani Matiri, kwa kuwa kilichobaki ni kumtunza. Mwenye nafasi nilikuwa mimi. Idara niliyofanyia kazi Dar es Salaam ilikuwa imepunguza watu, kama zilivyofanya ofisi nyingi za serikali miaka ile, nami nilikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Mke wangu akabaki mjini na watoto na genge lake la mboga, mimi nikapanda basi la Songea.

Kazi yangu ilikuwa lugha. Tulizunguka mikoani na vinasa sauti tukikusanya namna watu wanavyosalimiana, wanavyogombana, wanavyozungumza na wakwe zao. Tulitaka kujua kwa nini kunyamaza ni heshima kwa watu hawa na kwa wale ni dharau. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Nilimkuta mama amelala chumba cha mbele, uso umevutwa upande. "Shikamoo mama," nikamwambia. Akanitazama, akasema kitu kirefu, kwa shida lakini bila kukatika, na mwishoni sauti ikapanda kidogo. Sikuelewa hata neno moja. Nikamgeukia baba.

"Ndivyo anavyosema tangu hospitali," alisema baba. "Kiswahili kimemtoka. Kimatengo nacho kimemtoka. Amebaki na kile cha kwao."

Cha kwao ni Kinyasa. Mama alizaliwa Lipingo, ufukweni mwa ziwa, akaolewa milimani akiwa msichana. Bibi yangu mzaa baba alimpokea vizuri, ila alimkataza jambo moja: asizungumze Kinyasa jikoni kwake, maana mtu akisema usichokielewa karibu na chungu chako, utajuaje anasema nini? Mama akajifunza Kimatengo mpaka wageni wakadhani kazaliwa Matiri. Sisi watoto hatukusikia lugha nyingine mdomoni mwake. Nilipoanza kazi ile nilimwomba anipe maneno machache ya kwao. Alicheka. "Nimeyasahau yote, mwanangu," akasema, na nikamwamini.

Sasa yalikuwa yamerudi, na hapakuwa na wa kuyapokea. Kila asubuhi alisema, akanyamaza, akatutazama. Tulimletea maji, akayasukuma kwa mkono wa kushoto. Tulimletea uji, tukamgeuza, tukamfunika, tukamfunua. Alirudia maneno yaleyale, akangoja tena, kisha machozi yakamtoka akageuzia uso ukutani. Baba alikaa kwenye kigoda mlangoni akimsemesha Kimatengo kwa sauti ya juu, kama kwamba mama ni kiziwi. Walikuwa wamelima pamoja, wamezika watoto pamoja, na sasa mama alimtazama mumewe kama anayemtazama karani wa ofisi asiyoifahamu.

Matiri hakukuwa na Mnyasa. Mganga wa zahanati alitoka Kagera, mwalimu mkuu alitoka Singida. Nikanasa sauti ya mama kwa redio kaseti yangu, nikateremka ziwani kwa lori la mnunuzi binafsi wa kahawa aliyekuwa akifuata dagaa.

Mama mdogo, mdogo wake mama, nilimkuta anaanika usipa, dagaa wa ziwa lile. Mguu wake ulikuwa umevimba, alitembea kwa fimbo. Nilipomaliza kumweleza yaliyompata dada yake, aliashiria niwashe kaseti. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Sauti ya mama ikatoka, ikanyamaza, ikatoka tena.

"Mbona anasalimia tu," alisema.

"Anamsalimia nani?"

"Yeyote aliye mbele yake. Hapa anasema tumeamka, sijui ninyi. Halafu anangoja. Wewe hapo ulitakiwa useme nasi tumeamka, umuulize habari za waliolala ndani. Hukumuuliza. Kwa hiyo anaanza upya."

"Na baada ya salamu?"

"Baada ya salamu ndipo mtu anasema shida yake. Kwetu huwezi kuitangulia salamu, hata uwe unaungua. Dada ana jambo. Hajafika kwenye jambo lake."

Nilizima kaseti. Jambo hilo nilikuwa nimelieleza kwenye ripoti mara nyingi, kuhusu watu wa mbali: kwamba salamu ni mlango, na mlango una watu wawili. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango huo tangu hospitali.

Mama mdogo hakuweza kupanda lori kwa mguu ule. Akanifundisha upande wangu. Nilirudia nyuma yake uwanjani, naye akanisahihisha sauti, hapa panda, hapa shuka, mpaka akasema, "Sasa anaweza kukujibu." Akanifundisha pia namna ya kuuliza, mama, una nini.

Mvua ikakata barabara mlimani. Nilikaa Lipingo nikingoja lori, nikitembea mchangani na maneno yale mdomoni, nikiogopa yasinitoke. Barabara ilipofunguka nilirudi Matiri nikapitiliza hadi chumbani bila kutua mzigo.

Baba alikuwa kwenye kigoda chake. "Kiharusi kimempiga tena," alisema. "Tangu juzi hasemi."

Niliketi kitandani nikamsalimu kwa Kinyasa. Macho yake yakafunguka, yakatua mdomoni mwangu. Nikangoja kama nilivyofundishwa. Midomo haikutikisika. Nikaendelea na upande wangu, na palipokuwa pake niliacha nafasi, hadi mwisho, nikamuuliza ana nini. Alinitazama muda mrefu, kisha akafumba macho.

Nilifanya hivyo kila asubuhi. Baba alianza kutoka nje nilipoanza. Siku moja aliniambia, "Mwache apumzike. Unamwita mtu aliyekwisha kuondoka." Sikumwacha, lakini sikuwa na tumaini tena, nilisema tu kwa kuwa kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Mama alikufa kahawa ikiwa nyekundu mitini. Jambo alilotaka kutuambia, kama lilikuwa maumivu, au wosia, au kwamba anataka kulazwa kwao ziwani, hatukulijua. Tulimzika Matiri, na padri alisoma ibada kwa Kiswahili.

Mke wangu na watoto walifika maziko yakiwa yamepita. Watoto wakamwamkia babu yao. Baba akaitikia, akawakalisha karibu naye, akaanza kuwaeleza jambo kwa Kimatengo, taratibu, mikono ikieleza pamoja na mdomo. Mkubwa akanitazama mimi. Nikafungua mdomo nitafsiri, lakini baba alikuwa ameshaona kwamba hawaelewi.

"Mmesafiri salama?" akawauliza, kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Ndiyo, babu."

"Barabara ni nzuri?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akanyanyuka, akaenda kugeuza kahawa kwenye kichanja. Walikaa juma zima, na sikumsikia akiwaambia jambo lingine refu kuliko hilo.