Maji ya Mama Hamisi na Vipepeo wa Newala

Nakumbuka asubuhi moja kule Newala, mvua zikiwa zimekatika, nilipomwaga debe zima la maji ya watu ili nipige picha vipepeo. Nakusimulia hili, mwanangu, kwa sababu juzi nilikuona hapa Lisekese ukiwafukuza na simu yako nyuma ya nyumba. Walipokukimbia, ukaitazama ndoo ya mama yako. Nikajua unawaza nini, maana niliwahi kuyawaza hayo hayo.

Nilikuwa kijana wa kununua na kuuza karanga, mjanja wa maneno, na nilikuwa na kamera. Mkanda wake ulitoa picha thelathini na sita tu. Nilitoka Masasi kupanda Newala kwa kisingizio cha vipepeo, ila hasa nilimfuata binti wa huko, Zainabu. Nilitaka mama yake, Mama Hamisi, anione kabla sijamtuma mshenga. Nionekane kijana mwenye mambo.

Vipepeo nilikuwa nawajua, usinidharau. Nilishawachungulia nyumbani, pale maji ya kuogea yanapotokea nje ya ua wa bafu. Weupe na wa njano hutua kwenye udongo uliolowa, wakakunja mbawa, wakanywa kwa utulivu kama wateja waliokwisha kukubaliana bei. Ukiwahesabu mara ya kwanza ni kumi na mmoja, mara ya pili kumi na watatu. Hawana adabu ya kusubiri hesabu.

Sasa uwanja wa Mama Hamisi ulikuwa mkavu. Vipepeo walipita juu juu bila kutua. Nikaliona debe mlangoni limejaa, nikalimwaga lote. Kweli wakaja. Wanne. Nikalala kifudifudi, nikapiga na kupiga hadi mkanda ukakwama mwisho. Nilipoinua kichwa nikaona miguu.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa bado chini.

"Marahaba. Nani aliyemwaga maji?"

"Mimi, mama. Nilikuwa nawaita vipepeo."

"Haya, wameitika, wamekunywa. Na sisi tunywe nini?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Huko juu Newala, zamani hizo, maji yalikuwa bondeni. Mwanamke aliondoka alfajiri, akateremka ule mlima na debe tupu, akarudi nalo kichwani jua likiwa limechomoza. Nilikuwa nimemwaga asubuhi yake nzima. Akaliweka debe mbele yangu, akaweka na ngata ya kichwani juu yake.

"Mama, mpe na kanga ajifunge," Zainabu akasema toka mlangoni, akicheka. Nikaona mshenga wangu amekataliwa hata kabla sijamtafuta.

Tukateremka watatu, wao na madebe yao. Na huko chini, mwanangu, kwenye tope la chemchemi, vipepeo walikuwa wamejaa kama mtu amemwaga unga na bizari. Sikuhesabu hata mara moja. Nikashika kamera, nikakumbuka mkanda umekwisha. Thelathini na sita zote nilizimalizia kwa wale wanne.

Kupanda sasa. Mimi nasema nilipumzika mara saba, Zainabu mpaka leo anasema tisa. Shingo ilizama mabegani, mikono yote miwili imelishika debe, jasho likichuruzika hadi kwenye viwiko. Karibu na juu, kipepeo mmoja wa njano akanitua kwenye kifundo cha mkono. Akakunjua ulimi wake mwembamba kama uzi, akaanza kunywa jasho. Siwezi kumpiga picha, siwezi kumfukuza. Nikasimama, akanywa.

Mama Hamisi akageuka, akamtazama, akanitazama na mimi.

"Huyo sasa umemnywesha chako," akasema. Tulipofika uwanjani na debe langu halijamwagika, akaongeza, "Mshenga wako asichelewe. Na asije na kamera."

Zile picha zilisafishwa Masasi. Zote ni udongo na ukungu, na bibi yako Zainabu amezihifadhi ili anicheke. Huyo wa mkononi sina picha yake, na ndiye pekee ninayeweza kukueleza alivyokuwa, hadi kidoa cheusi kwenye ncha ya bawa.

Basi nakuasa hivi. Kabla hujamwaga kitu kwa ajili ya kinachokupendeza, uliza nani alikibeba. Ukiwataka vipepeo, wafuate wanakokunywa, uchafuke, uchoke, ukae nao kwanza kabla hujatoa simu. Siku hizi yapo mabomba, ila hata bomba lina mtu aliyepanga foleni, na mara nyingi ni mama yako.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona na shingo ya kubeba, akuwekee mama yako, na siku simu yako itakapoishiwa chaji, kipepeo akutue mkononi. Sasa hiyo ndoo ya mama yako uliyoitoa nje, irudishe jikoni. Nimeitazama mara mbili, imejaa.